Siku Bi Mdogo Alipokuwa Mkubwa

9 Machi

Leo mambo mawili yameanza kwa mpigo, na sijui lipi limenichosha zaidi. Shangazi ameanza matibabu ya mionzi ya shingo, na sisi wa kitengo cha kompyuta katika hospitali hiyo hiyo tumeletewa mkuu mpya.

Nianze na shangazi. Ndiye aliyenilea, na ananiita "baba" kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Nilimsubiri nje ya chumba cha mionzi. Alitoka amenuna.

"Wamenifunika uso kwa wavu wa plastiki, wakaubana mezani nisitikisike. Hilo nimevumilia. Lakini baba, yule binti wa mionzi ananiuliza mimi jina langu nani! Faili analo mkononi, jina limeandikwa juu kwa herufi kubwa. Na anasema kesho ataniuliza tena."

"Ni utaratibu wao, shangazi."

"Utaratibu gani huo wa kusahau watu?"

Sasa mkuu mpya. Ni mama mrefu, miwani imefungwa kamba shingoni, haongei ovyo. Tulimpokea kwa bashasha tukampeleka kuwaona wake zetu. Bi Mkubwa ni lile kabati la diski kwenye chumba cha chini, nyuma ya maabara. Ndani yake zinaishi mashine zote za hospitali: ya wagonjwa, ya dawa, ya maabara, ya mionzi. Ni mashine zisizoshikika, kompyuta zilizoumbwa ndani ya kompyuta, na kila kitu chake kimo kwenye diski hizo. Bi Mdogo ni kabati la pili, liko kwenye jengo letu la kilimani, upande wa pili wa mji. Chochote anachoandikiwa Bi Mkubwa, dakika chache baadaye Bi Mdogo naye ameandikiwa. Bi Mkubwa akianguka, Bi Mdogo anashika nyumba. Majina hayo niliyatunga mimi, na kila mgeni huyacheka.

Huyu hakucheka. Alisema, "Hiki ni chumba cha chini. Kile ni chumba cha kilimani. Inatosha." Halafu akauliza, "Mara ya mwisho mlihamishia kazi kilimani lini, mkaona kama inakwenda?"

Hatujawahi.

"Basi hamjui kama inakwenda," akasema, akaenda kutafuta meza yake.

Nimempa mwezi mmoja. Atatukimbia au tutamkimbia.

10 Machi

Shangazi kaulizwa jina. Kajibu. Kanuna.

13 Machi

Mkuu amepata jina. Tunamwita Mama Rudia.

Ilikuwa hivi. Anataka tufanye zoezi la kuhamia kilimani, kama vile chumba cha chini kimekufa. Sawa. Lakini haruhusu mtu abonyeze chochote kabla hajasema kwa sauti mambo matatu: data inatoka wapi, inakwenda wapi, na kitu cha mwisho kilichoandikwa kila upande ni kipi. Ukimaliza anasema, "Rudia." Unarudia. Ukikosea neno moja, unaanza upya. Mimi nina miaka kumi kwenye kazi hii, na leo nimesimama kama mtoto anayeghani mashairi mbele ya wageni.

Mchana kantini nilimwigiza. Nilivaa miwani ya mhasibu, nikamshika mpishi, nikamwambia, "Wali unatoka wapi? Unakwenda wapi? Rudia!" Watu walivunjika mbavu. Shemeji alicheka mpaka akatoka nje. Shemeji ndiye fundi wetu wa kilimani. Alimwoa dada wa mhasibu, basi akawa shemeji wa ofisi nzima.

18 Machi

Mvua zimeanza, tena kwa fujo. Zoezi la kwanza limefanyika, na limetuaibisha.

Tulihamia kilimani. Kabati lilikuwa na kila kitu, wala hakuna kilichopotea. Lakini mashine ziliamka bila mpangilio. Ile ya dawa iliamka kabla ya ile inayotambua majina ya watumiaji, ikabaki inamwuliza kila mtu "wewe nani?" na hakuna aliyeweza kuingia. Ya maabara ilikuwa inatafuta mtandao wa chumba cha chini ambao haupo kilimani. Shemeji alikuwa anahema kwenye simu kama anapanda mlima kwa miguu. Tulirudi chini tumeinamisha vichwa, na mimi nikajiandaa kufokewa.

Mama Rudia alivua miwani, akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kuona meno yake.

"Vizuri," akasema. "Limetokea leo, na wagonjwa hawakujua. Sasa tuandike nani anaamka kwanza."

Aliketi nasi mpaka kazi ikaisha, akiuliza na kusikiliza. Nilipomweleza kwa nini mashine ya mionzi ni ya peke yake, kwamba inashika mpango wa kila mgonjwa, pembe gani, kina gani, kiasi gani, aliniuliza swali ambalo hakuna mkuu aliyewahi kuniuliza: "Una mtu wako huko?"

Nikasema ninaye.

"Shingo au wapi?"

"Shingo."

Hakusema pole ya kupitisha. Aliichukua karatasi, akahamisha mashine ya mionzi kutoka mahali pa sita hadi pa pili. Akaniuliza kama naona sawa kikazi, si kwa ajili ya shangazi. Nikafikiri vizuri, nikamwambia ni sawa kikazi. "Basi ibaki," akasema.

Nimerudi nyumbani sina la kuigiza.

22 Machi

Zoezi la pili. Mashine zimeamka kwa zamu, moja baada ya nyingine. Shemeji aliimba kwenye simu. Mama Rudia alimwambia arudie, na hatukujua kama ni utani. Shemeji akarudia wimbo wote.

24 Machi

Mvua. Shangazi hawezi kumeza kitu kigumu tena. Supu tu, nayo kwa kijiko kidogo. Amenitania kwamba sasa hata maneno yake anayatafuna kwanza.

27 Machi

Mvua, mvua, mvua. Kila asubuhi Mama Rudia anachukua mwavuli na kwenda nyuma ya maabara kuutazama mtaro. Anasimama pale, anautazama, anarudi na viatu vimelowa. Wiki mbili zilizopita ningesema ana vituko. Leo nilimfuata. Alinionyesha maji yalipofikia kwenye ukuta jana, na yalipofikia leo.

"Mkurugenzi wa hospitali ameshaambiwa?" nikauliza.

"Ameambiwa. Anasema mvua ikiisha watauzibua."

Tulicheka wote wawili, na kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha.

1 Aprili

Naandika mikono ikiwa bado inanuka maji ya mtaro.

Saa nne asubuhi, hospitali imejaa pomoni, fundi wa maabara alikuja mbio kusema korido inatiririka. Mtaro ulikuwa umerudisha maji. Tulipofungua chumba cha chini, maji yalikuwa yanaingia kwa chini ya mlango wa pili, meusi, yakielekea kwenye betri kubwa za akiba zinazokaa sakafuni. Zikifikiwa, umeme unakatika wenyewe, ghafla, na kila mashine inakufa katikati ya sentensi.

Nilitaka kupiga kelele. Mama Rudia alivua viatu, akaviweka juu ya kabati, akaingia kwenye maji akiwa ameshika ile karatasi yetu.

"Tunahamia," akasema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuagiza chai. "Wewe kaa kwenye kibodi. Inatoka wapi?"

"Chumba cha chini."

"Inakwenda wapi?"

"Kilimani."

"Cha mwisho kila upande?"

Nikasema. Zilipishana dakika chache, kama inavyotakiwa.

"Rudia."

Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, na mimi nilirudia. Safari hii sikuona kero. Kila neno nililotamka lilinishika mkono.

Tukaanza kuzima kwa mpangilio, ili kila mashine imalize inachoandika na nakala ya mwisho ifike kilimani. Dawa. Maabara. Wodi. Ikabaki mionzi. Alipiga simu kule.

"Mna mgonjwa mezani? Mmebakiza kiasi gani? Mmalizieni. Msianze mwingine."

Akakata simu, akasimama. Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa zamu ya shangazi. Alikuwa chini ya wavu ule, amebanwa mezani, hawezi hata kugeuza shingo, na mashine inayouongoza mwale ilikuwa inasoma mpango wake kutoka kwenye diski zilizokuwa mbele yangu, juu ya maji.

Mlinzi wa hospitali, aliyesimama mlangoni, alisema, "Mama, zimeni, hizo betri zitawaua."

"Nazitazama," akajibu.

Na kweli alikuwa anazitazama. Aliinama, akaweka kiganja ukutani pale maji yalipoishia, na hakukiondoa. Maji yakaanza kulamba kidole cha chini. Cha pili. Hakunitazama hata mara moja, na mimi nadhani alijua saa ile ilikuwa zamu ya nani. Simu ikalia. "Ametoka." Nikazima mashine ya mionzi, nakala ya mwisho ikapita, Shemeji akapiga yowe kwamba ameipokea, fundi wa umeme akakata umeme wa chumba kizima. Maji yakafika kwenye betri, na hazikuwa na la kufanya tena.

Kabla ya adhuhuri mashine zote zilikuwa macho kilimani. Madaktari walifikiri mtandao ulikuwa unasuasua tu.

"Leo Bi Mdogo ndiye mkubwa!" Shemeji alikuwa anapiga kelele kwenye simu. "Nimempandisha cheo! Sikieni, nimempandisha cheo!"

Tulicheka kwa sauti zilizokauka. Mama Rudia alikuwa ameketi ngazini akikausha miguu kwa kitambaa cha kichwani. Nilimletea viatu vyake. Nikasema, "Shikamoo." Tulishasalimiana asubuhi. Aliitikia marahaba kama vile hatujasalimiana.

Jioni shangazi kasema: "Leo walinifungua kwa haraka kweli. Lakini jina waliniuliza."

3 Aprili

Kuchota maji, kukausha, kuchota.

7 Aprili

Shangazi amekonda mpaka wavu unamcheza usoni. Daktari wa mionzi hakupenda. Wamempiga picha upya, wamemuumbia wavu mwingine, na wametengeneza mpango mpya kabisa. Nilimwuliza daktari kama tofauti ni kubwa. Akanionyesha kwa kidole shingoni mwake mwenyewe.

"Uvimbe umepungua na mwili umepungua. Ule mpango wa zamani tukiutumia sasa, mwale utapita hapa." Kidole kilikuwa kwenye uti wa mgongo. "Ndiyo maana tumeufuta."

Mpango mpya uko kilimani, kwa Bi Mdogo. Huku chini, Bi Mkubwa aliyezimwa haujui. Kanda zetu za kuhifadhia nakala nazo ni za kabla ya mafuriko.

10 Aprili

Chumba cha chini kimekauka, betri mpya zimefika, na leo tumemwasha Bi Mkubwa. Mzima wa afya! Ila anadhani bado ni tarehe moja. Jumapili, kliniki zikiwa zimefungwa, tutazima mashine zote, tunakili mabadiliko yote ya kilimani kuja chini, kisha tuhamie nyumbani.

Nina hamu na hiyo Jumapili. Nimeota nimekuwa hodari.

12 Aprili

Mashine zote zilizimwa baada ya chai ya asubuhi. Mimi kwenye kibodi, chumba cha chini. Shemeji kilimani, sauti yake kwenye spika. Mama Rudia nyuma ya kiti changu. Jua lilikuwa limetoka kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita, na watu wote tulikuwa na moyo mweupe.

Kwenye skrini kuna nafasi mbili za kujaza, "kutoka" na "kwenda". Nilichagua haraka. Kutoka BI MDOGO, kwenda BI MKUBWA. Onyo likatokea kwamba kila kilichopo upande wa pili kitafutwa na kuandikwa upya. Ni onyo la kawaida. Kidole kilikuwa tayari.

"Sema," akasema Mama Rudia.

"Kutoka Bi Mdogo, kwenda Bi Mkubwa."

"Hayo ni majina ya utani. Rudia."

"Kutoka kilimani, kuja chini."

"Cha mwisho kila upande?"

Nakiri, nilisikia uvivu. Nikasema, "Mama, asubuhi tulishaangalia."

"Rudia."

Nikafungua upande wa "kutoka", nikaanza kusoma kwa sauti ya kumridhisha: "Cha mwisho kuandikwa, tarehe moja Aprili, saa nne na..."

Nilifikiri skrini imekwama. Nikafungua upande wa "kwenda". Leo asubuhi. Na kwenye orodha, mashine ya mionzi, Ijumaa jioni.

Niliangalia yale maneno mawili, BI MDOGO na BI MKUBWA, na yalikuwa kama watu niliowafahamu miaka yote ambao ghafla wamebadilishana nyuso.

"Shemeji," nikasema. "Siku ile uliposema umempandisha cheo..."

Sauti yake ikaja kwenye spika, polepole: "Nilibadilisha majina. Kwenye mfumo. Wa huku nikamwita Bi Mkubwa, wa huko nikamwita Bi Mdogo. Ilikuwa... jamani, ilikuwa furaha tu. Nilidhani mmeelewa."

Nilikuwa nimebakiza mbonyezo mmoja kuchukua data za tarehe moja na kuzimwaga juu ya kila kilichoandikwa tangu siku ile. Kila dawa, kila damu iliyopimwa, kila mtoto aliyezaliwa wiki hii. Na mpango wa shangazi. Jumatatu asubuhi angelala mezani, mashine ingefungua ule mpango wa zamani, na mwale ungepita palepale daktari alipoweka kidole. Pengine wangegundua. Pengine wavu mpya ungewashtua. Lakini nisingeweza kuishi juu ya hiyo "pengine".

Na jina lenyewe nililitunga mimi, nikalicheka miaka yote. Sijawahi kujiuliza kama Bi Mkubwa ni mahali au ni cheo. Kwangu lilikuwa mahali. Kwa Shemeji lilikuwa cheo. Tulifanya kazi pamoja muda wote huo bila kujua kwamba neno moja tulikuwa tunalitumia kwa maana mbili.

Mama Rudia aliunyoosha mkono, akauondoa wangu juu ya kipanya, taratibu, kama anavyotolewa mtoto karibu na moto.

"Nenda kanywe maji," akasema. "Halafu urudi ubonyeze wewe mwenyewe."

"Mimi?"

"Nani mwingine atakuwa makini kukushinda leo?"

Kisha akaigeukia spika. "Shemeji, na wewe kanywe. Upo?"

"Nipo, mama." Alikuwa analia, nilimsikia.

"Kazi ya tarehe moja uliipokea vizuri sana. Sikukuambia siku ile. Nakuambia leo."

Nilikunywa maji. Nilirudi. Nilisema inatoka wapi, inakwenda wapi, na cha mwisho kila upande, na hakuna jina la utani lililopita mdomoni mwangu. Sikungoja aniambie nirudie. Nilirudia mwenyewe, mara mbili, kisha nikabonyeza. Alasiri tulikuwa nyumbani, mashine zote macho, na mpango mpya wa shangazi ukiwa chumba cha chini na kilimani pia, sawasawa.

Nampenda yule mama. Naandika hivyo hivyo, atakayesoma asome.

13 Aprili

Nilisimama mlangoni mpaka shangazi akatoka. Mpango ni ule mpya. Nimemwomba daktari anionyeshe, akanionyesha, nikamwomba tena.

14 Aprili

Leo nimebandika vibandiko vipya, kwenye makabati na kwenye mfumo: CHUMBA CHA CHINI na CHUMBA CHA KILIMANI. Shemeji alikuja mwenyewe kuomba radhi, na karanga mfuko mzima. Mama Rudia alimkaribisha kiti.

Nikamwuliza kile kilichokuwa kinanisumbua. "Mama, siku ile ya kwanza, ulijua kwamba majina yale yatatuponza?"

"Sikujua. Niliyachukia tu."

"Kwa nini?"

Akavua miwani. "Mimi ni mke wa pili. Kwetu mtu akipiga simu akimtaka bi mkubwa, tunakuja kupokea wote wawili. Mwenzangu kanizidi miaka ya ndoa, mimi nimemzidi umri."

Tulimtazama, hatukujua kama tunaruhusiwa kucheka. Alianza yeye. Alicheka mpaka akaishika meza, na karanga zikamwagika.

Kumbe siku ile ya kantini mpishi alimsimulia kila kitu, mpaka wali unatoka wapi.

17 Aprili

Mvua kidogo. Mtaro umezibuliwa. Naenda kuutazama kila asubuhi na mwavuli.

24 Aprili

Siku ya mwisho ya mionzi.

Shangazi alivaa kitenge chake kipya, kinamwelea mwilini, lakini alikivaa. Mama Rudia alikuja kumsalimu, wakashikana mikono muda mrefu kama waliosoma pamoja. Shangazi akamwuliza, "Wewe ndiye unayemtesa mwanangu kwa kurudia rudia?" Akajibu, "Ndiye mimi." Shangazi akasema, "Endelea."

Mlango wa chumba cha mionzi ulikuwa wazi. Yule binti alikuwa tayari na wavu mkononi, na kwa vile ilikuwa siku ya mwisho na wamezoeana, alitabasamu tu, akamwonyesha meza apande.

Shangazi hakupanda.

"Leo huniulizi?"

Binti alishtuka, akacheka kwa haya, akafungua faili. "Samahani, mama. Jina lako nani?"

Shangazi akanigeukia mimi na Mama Rudia tuliosimama kizingitini, kuhakikisha tunasikiliza. Koo lake bado bovu, sauti ni ya kukwaruza, lakini alilitaja lote, herufi kwa herufi, lake kwanza, halafu la baba yake, ambalo ndilo langu.

"Rudia," akasema Mama Rudia.

Akarudia.